Mita 22.5 Kutoka Wapi?

Barua zilikuwa 63, na nilipewa siku tatu nizimalize. Wakati huo nilikuwa mtendaji wa mtaa pembezoni mwa barabara kuu moja inayoingia Dar es Salaam, mwaka mmoja baada ya bomoabomoa ya Kimara. Mtaa wenyewe sitautaja, wala ofisi iliyoandika zile barua. Wengi wa waliohusika bado wako kazini, na mimi nina sehemu yangu humu kama mtakavyoona. Barua zote zilikuwa moja, aya mbili, zimetolewa kivuli kutoka nakala moja. Zilisema mwenye jengo amevamia hifadhi ya barabara kwa kujenga ndani ya mita 22.5, aliondoe kwa gharama zake ndani ya siku 30, na asipoliondoa litabomolewa bila fidia. Mahali pa jina paliachwa vidoti. Jina nijaze mimi kwa kalamu.

Wiki moja kabla, vijana wawili wenye kopo za rangi walikuwa wameshapita. Anayeishi kando ya barabara kuu nchini kwetu haelezwi maana ya X. X nyekundu ni wewe uliyeifuata barabara, hupati kitu. X ya kijani ni barabara iliyokufuata wewe, utalipwa. Rangi hizo mbili zimetokana na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliyopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 za zamani anaitwa mvamizi, na aliyekutwa kati ya 22.5 na 30 sheria ndiyo iliyomfuata kwake. Kimara hadi Kiluvya yalikuwa mambo mengine, maana kule serikali ilihesabu mita 121.5 kila upande. Watu wetu walikuwa wakipita pale kwenye daladala mwaka 2017 wakitazama dirishani mitaa mizima ikilala chini. Kwa hiyo X zilipofika kwetu, kelele hazikuwapo. Watu walikaa barazani wakitazama ukuta.

Kugawa barua ni kazi inayoonekana ndogo. Unabisha hodi, unasalimia, unatoa barua, unafungua daftari la dispachi, mtu anasaini. Siku ya kwanza nilimaliza 20 tu. Wapo waliokataa kusaini kwa sababu waliamini kusaini ni kukubali kosa, na mimi nikawa nawaambia, "Saini tu, ni kuonyesha umepokea," bila kuwaambia kwamba chini ya sahihi mtu anaweza kuandika neno lake. Kwenye fremu za biashara nilikuta wapangaji. Mwenye jengo anakaa Mbagala au Mwanza, mpangaji anashika barua kwa ncha za vidole kama inaunguza. Mama mmoja alinirudishia akasema, "Mtendaji, mimi sijui kusoma, nisomee." Nikamsomea. Nilipofika kwenye "umevamia" akaniuliza, "Nani kasema?" Sikuwa na jibu, nikaendelea kusoma.

Aliyenisimamisha hasa ni mwalimu mmoja mstaafu. Nyumba yake ilikuwa na X nyekundu juu ya dirisha la sebuleni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mtendaji. Karibu kiti."

Akavaa miwani, akaisoma barua mara tatu. Kisha akaniuliza, "Hapa wameandika mita 22.5. Kutoka wapi?"

"Kutoka barabarani, mwalimu."

"Barabara ni pana. Kutoka sehemu gani ya barabara?"

Nikamwambia nitauliza ofisini. Akachukua kalamu, akasaini kwa mwandiko ule wa ubaoni, na chini yake akaandika: Nimepokea, sikubali. Naomba nionyeshwe kipimo kinapoanzia. Ikajaza mistari miwili ya daftari langu na ikaniudhi kidogo, kwa sababu ilivuruga safu zangu.

Ijumaa mchana zilibaki barua tatu. Mbili wenyewe niliwapata alasiri. Ya tatu ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wawili, ambaye kituo cha daladala pale kilikuwa kikiitwa kwa jina la kazi yake: Kwa Fundi. Alikuwa amekwenda Korogwe kumzika mama yake, na alikuwa amesema atakaa mpaka arobaini. Mlango una kufuli. Namba yake ya simu nilikuwa nayo, aliwahi kunishonea sare za watoto. Sikuipiga. Ofisi ilikuwa inataka daftari limejaa kabla ya saa kumi. Nikaisukuma barua chini ya mlango, nikaandika jina lake kwenye dispachi, na kwenye safu ya sahihi nikachora kitu kinachofanana na sahihi. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kalamu.

Ili msinione mbaya kuliko nilivyokuwa, wala mwema kuliko nilivyokuwa, niseme pia hili. Baadhi ya nyumba zile 63 ziliuzwa ofisini kwetu. Barua ya mauziano inaandikwa, mjumbe anashuhudia, mwenyekiti anagonga muhuri, mtaa unachukua asilimia yake. Barua nne kati ya hizo zilikuwa na saini yangu kama mtendaji. Sikuwahi kutoka nje na futi kamba kuangalia kiwanja kinaishia wapi. Wakazi wengine walikuwa na leseni za makazi, wengine risiti za kodi ya majengo za miaka kumi mfululizo. Risiti ya kodi si hati, hilo kila mwanasheria atakwambia, na ni kweli. Lakini huwezi kumtoza mtu kodi ya jengo kwa miaka kumi halafu mwaka wa kumi na moja ukajifanya ndiyo kwanza unaliona jengo lake.

Na neno lenyewe "ardhi ya umma" linachekesha ukilitazama vizuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa maana hiyo kila mmoja wetu anakaa kwenye ardhi ya umma, hata mwenye hati ya miaka 99. Swali huwa ni kama una haki ya kuwa pale ulipo, na hilo ni la kupimwa na kusikilizwa nyumba moja moja. Pale kwetu kulikuwa na mtu aliyenunua kwa bei ya kutupa akijua kabisa ni hifadhi, akajenga baa. Kulikuwa pia na ukoo wa Kizaramo wenye minazi iliyopandwa na bibi yao. Wote walipata barua ileile, neno lilelile: umevamia.

Mkutano wa mtaa uliitishwa Jumapili. Kulikuwa na mbunge kwenye simu, diwani kwenye kiti cha mbele, na ahadi nyingi. Jambo la maana lilisemwa na wakili kijana wa kituo cha msaada wa kisheria, aliyeletwa na mtoto wa mwalimu. Alianza na Katiba, Ibara ya 13(6)(a): haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote, ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu, na kwa ule ukoo wenye minazi akataja uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1994 katika kesi ya Akonaay, kwamba hata haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Watu wakapiga makofi. Akawaambia wasubiri, habari mbaya ilikuwa inafuata.

Ukitaka kuishtaki serikali lazima kwanza uipe notisi ya siku 90. Barua yetu ilikuwa ya siku 30, na nne zilikuwa zimeshapita. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu aliiona. Serikali inakupa mwezi mmoja uondoke, wewe uipe miezi mitatu kabla hujaruhusiwa kuuliza mahakamani kama ilikuwa sahihi kukuondoa. Kufikia siku ya 91 unachokigombea ni kifusi.

Njia iliyobaki, akasema, ni kuomba zuio la Mareva, yaani amri ya kushikilia mambo yalivyo wakati notisi ya siku 90 inasubiriwa. Mwezi mzima baada ya hapo nilisikia watu kituoni wakimtaja Mareva kama jaji mwanamke mwenye huruma. Jina hilo limetokana na kampuni ya meli iliyokuwa na kesi London mwaka 1975, lakini sikuona haja ya kuwaharibia.

Ombi lilikwenda Mahakama Kuu. Kila kaya ilitakiwa kuchanga, kuleta nakala za karatasi zake, na kutia saini orodha. Kaya 38 zilifanya hivyo. Nyingine hazikuwa na hela, nyingine hazikuamini, na wengine walishaanza kujibomolea wenyewe ili kuokoa bati, milango na nondo, jambo ambalo kwa macho yangu lilikuwa na busara kuliko lilivyochekwa. Zuio lilitolewa siku ya 27. Mtaa mzima ukashangilia. Nakala ya amri ililetwa ofisini kwangu. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Majina ya waombaji yalikuwa yameambatishwa nyuma.

Fundi alikuwa ameshapata habari za X kwa simu ya jirani. Lakini X haikuwa ngeni kwetu; iliwahi kupakwa miaka ya nyuma ikafifia kwa jua. Akamuuliza jirani, "Barua yangu imeletwa?" Jirani akasema hajapewa barua yoyote ya kumtunzia. Kisha likaja zuio, jirani akampigia tena: usiwe na wasiwasi, dada, mahakama imezuia, maliza arobaini ya mama. Hakuna aliyemdanganya. Kila mtu alisema alichokijua. Aliyejua zaidi nilikuwa mimi.

Walikuja siku ya 33, saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya masika, barabara bado imelowa. Kijiko kimoja, greda moja, malori mawili ya askari. Mafundi wa umeme walitangulia kukata waya na kung'oa mita za LUKU. Mwenyekiti wetu alikimbia na ile amri mkononi akipiga kelele kwamba mahakama imezuia. Msimamizi wa kazi, mtu mpole tu wa kuongea, akaichukua, akafungua hadi ukurasa wa mwisho, akamrudishia. "Mzee, zuio ni la hawa 38. Hawa siwagusi. Wengine hawamo kwenye kesi."

Nyumba zisizokuwa kwenye kesi zilizokuwa bado zimesimama zilikuwa kumi na moja. Waliokuwamo ndani walipewa nusu saa. Mtu hajui nusu saa ni nini mpaka aone familia inatoa kitanda kwenye mlango mwembamba. Kirikuu zilikuwa zimeshapanga foleni, bei ya kubeba mizigo imepanda mara tatu. Vijana wa vyuma chakavu walisimama ng'ambo ya barabara na maguta yao, wamenyamaza kama watu wa msibani.

Kwenye nyumba ya fundi kulikuwa na kufuli. Nikamwendea msimamizi, nikamwomba tuvunje tutoe vitu, mwenyewe hayupo. Akaniomba daftari la dispachi. Nilikuwa nalo kwapani, kwa sababu niliambiwa nije nalo. Akapitisha kidole mpaka kwenye jina lake.

"Hapa amesaini. Alipokea mwenyewe?"

Nilisema ndiyo.

Nimeirudia ile "ndiyo" kichwani mara nyingi kuliko sentensi nyingine yoyote niliyowahi kusema. Ningesema hapana, labda angenipa dakika kumi. Labda asingenipa. Kijiko kilianza na paa. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, vitambaa vya wateja, sare za shule zilizokatwa zikisubiri kushonwa, na kwenye mkoba mweusi chini ya godoro, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Mkoba ulipatikana jioni umelowa. Cherehani moja niliiona kwenye guta, imepinda shingo, ikivuka barabara.

Alirudi siku mbili baadaye kwa basi la Tanga, akapanda daladala kuja kwake. Aliniambia mwenyewe kwamba konda alipouliza "Kwa Fundi kuna anayeshuka?" alinyamaza, kwa sababu alitazama nje akadhani hawajafika.

Kesi ikaendelea bila yeye. Mawakili wa serikali waliwasilisha kiapo kinzani, na kama kielelezo wakaambatisha nakala za dispachi yangu kuonyesha kwamba wote walipewa taarifa. Wakili wetu alinionyesha ukurasa mmoja akitabasamu, kidole chake kwenye yale maneno ya mwalimu. Sikubali. Naomba nionyeshwe kipimo kinapoanzia. "Hii ni dhahabu," akasema. "Swali liliulizwa siku ya kwanza, kwa maandishi, na hawajalijibu hadi leo." Kisha kidole kikashuka chini kidogo. "Na huyu fundi, mwandiko wake unafanana sana na wa aliyejaza majina."

Nikamweleza yote. Aliniuliza kama niko tayari kula kiapo. Nikamwambia anipe muda nifikirie. Nilifikiria wiki mbili, nikihesabu mshahara, ada za watoto, mkopo wa benki. Kabla sijamaliza kufikiria, pande mbili zikakubaliana nje ya mahakama kwamba vipimo vichukuliwe upya kwa pamoja. Kiapo changu hakikuhitajika tena. Wapo walionipongeza kwa kusema ukweli, lakini nilimwambia mtu mmoja, chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na mahakama haijawahi kuusikia.

Siku ya kupima walikuja wapima wa serikali na mpima aliyelipwa kwa michango ya wakazi, askari wa usalama barabarani wakasimamisha magari upande mmoja. Walianzia kwenye mstari wa katikati ya barabara. Mwalimu alikuwa amesimama pale na kofia yake, haongei. Haikuchukua hata saa moja kugundulika kilichotokea: wale vijana wa rangi walianzia kipimo kwenye ukingo wa lami. Kutoka katikati hadi ukingoni ni kama mita tano, kwa hiyo kila nyumba ilisogezwa mita tano ndani ya kosa. Mmoja wao nilikutana naye baadaye, nikamuuliza kwa nini. "Mama, pale katikati tungegongwa," akasema. "Magari ni mengi, na hakuna aliyekuja kutusimamishia." Nilitafuta njama kwa miezi kadhaa, na kumbe ilikuwa kuogopa magari.

Nyumba saba zilizopakwa X ya kijani zilikuwa nje ya hifadhi kabisa. Kumi na moja zilizokuwa nyekundu zikawa kijani, ya mwalimu ikiwa mojawapo, mita 25.1. Kijani ina hesabu yake: thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36, na gharama za kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20. Mwalimu alicheka aliposikia tani 12. Alisema mizigo yake yote, vitabu na mke wakiwemo, haifiki tani mbili. Malipo hayakuja haraka, lakini yalikuja.

Fundi naye alikuwepo siku ile. Aliwaomba wapime na pake. Msingi ulikuwa bado unaonekana kwenye matope. Wakapima: mita 19.8. Nyekundu ya zamani kabisa, bila ubishi. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Wakubwa wangu walinifariji kwa hilo. Waliniambia, unaona sasa, angebomolewa tu, barua ingemsaidia nini? Na ni kweli, nyumba isingepona. Kwa muda hata mimi nilijaribu kuegemea hapo. Lakini barua ile ilikuwa na siku 30 ndani yake, na siku 30 zile zilikuwa zake. Angetoa cherehani. Angeng'oa bati mwenyewe, milango, madirisha, afike nazo Kibaha au popote akaanze. Angerudisha vitambaa vya watu badala ya kudaiwa navyo. Angekwenda mahakamani na wenzake ashindwe, ila ashindwe akiwa amesimama. Tulizoea kuzungumza kana kwamba utaratibu ni wa wale wasio na kosa, kama mwalimu, ili wajulikane kwamba hawana kosa. Yule aliyekuwa ndani ya mstari hatukumwona kama ana kitu cha kuchukuliwa, ilhali vitu vyake ndivyo vilivyovuka barabara kwenye guta.

Baadaye nilipata nafasi ya kukaa kwenye semina moja na wenzetu wa Kenya, nikaona wao wameliandika jambo hili kwenye sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, sheria yao ya ardhi inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu kwenye ardhi ya umma: kwa barua, kwenye gazeti la serikali, kwenye gazeti la nchi nzima, na kwa redio, kwa lugha ya wenyeji inapofaa. Siku ya kuondoa, wanaotekeleza wajitambulishe na waonyeshe idhini. Kifungu cha 152G kina mstari nilioukariri: wanaoondolewa wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali zao. Sikudanganyika kwamba kuandikwa ni kutendwa. Mama mmoja wa Nairobi alicheka niliposifia, akanikumbusha kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilichobomolewa Novemba 2011 wakati amri ya mahakama ya kuzuia ipo. Kesi yao ilipanda na kushuka ngazi za mahakama hadi Januari 2021, Mahakama ya Juu iliposema kwamba hata asiye na ardhi aliyekaa kwenye ardhi ya umma ana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Kutoka tingatinga hadi hukumu ni miaka tisa na ushee. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ile alikuwa darasa la nne.

Utendaji niliuacha. Siku hizi kamati za mitaa huniita mara mojamoja X zinapotokea, na mimi huwaambia mambo ya kawaida sana ya karani. Barua ikija, uliza kipimo kinaanzia wapi na uandike swali hilo pale pale kwenye dispachi, usingoje wakili. Amri ya mahakama isomwe hadi ukurasa wa mwisho, kwa sauti, mkutanoni. Asiyekuwepo apigiwe simu na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, na matokeo ya simu yaandikwe. Kwa watendaji wenzangu nasema kidogo zaidi, lakini huwa hawapendi, na siwalaumu, kwa sababu siku ya Ijumaa saa tisa na nusu hata mimi nisingependa.

Mwaka jana nilimtafuta fundi. Anakaa Kiluvya kwa ndani, ana baraza la kupanga na cherehani moja ya umeme. Binti yake mkubwa ameingia chuo. Alinikaribisha, akaniagizia soda, tukazungumza habari za watoto kwa muda mrefu. Sikuwa nimekwenda kwa ajili ya soda. Nilimwambia habari ya dispachi, yote, pamoja na ile "ndiyo" niliyomjibu msimamizi. Alikuwa ameshajua nusu. Mitaa haifichi kitu. Hakukasirika kama nilivyojiandaa. Aliuliza tu, "Barua yenyewe iliandikwa nini? Sijawahi kuiona."

Nilikuwa nayo nakala, imekaa kwenye faili kwangu muda wote huo. Nikaitoa mkobani. Akafuta mikono kwa kipande cha kitambaa, akaisoma polepole aya zote mbili, akarudi juu kwenye tarehe, akahesabu kitu kwa vidole. Kisha akaiweka juu ya meza ya cherehani na kuuliza, "Nasaini wapi?" Nilidhani anatania. Akanyoosha mkono kuomba kalamu, nikampa. Akaandika jina lake chini kabisa, na tarehe ya siku ile, na neno nimepokea. Sahihi yake ni ndefu, imelala upande wa kushoto, na herufi ya mwisho ameizungushia duara. Haifanani hata kidogo na ile niliyoichora mimi.